Kiti cha Mbele

Mwanasiasa mimi humpima kwa kiti anachokalia garini. Mimi ni dereva, sina mizani nyingine. Siku ya kwanza nilipompokea Fintan Scahill kwenye uwanja wa ndege wa Riyadh, alikuwa mbunge wa kawaida tu, amekuja na ujumbe wa Ireland kuwauzia Waarabu nyama ya ng'ombe. Wenzake walisongamana viti vya nyuma. Yeye akafungua mlango wa mbele, akaketi kando yangu, akafunga mkanda na kuniuliza jina langu, kwetu ni wapi, na mama yangu ni nani.

Nikamwambia mimi ni Protus, natoka Bungoma kule Kenya, na mama alikuwa Jerioth, amezikwa juzi bila mimi kwa sababu kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikataa kuniruhusu kutoka nchini. Hakunihubiria. Alisema tu kwamba kukosa maziko ya mama ni jambo baya sana, kisha tukaenda kimya mpaka hotelini. Nilimshukuru kwa kile kimya.

Siku zilizofuata alinieleza habari zake, maana mtu wa kiti cha mbele huongea. Baba yake alikuwa na baa, na nyuma ya baa aliuza majeneza. Nyumba ile ile, mlango wa mbele bia, mlango wa nyuma msiba. Mbunge asiyekwenda matangani, alisema, harudi bungeni. Yeye alikwenda kila wiki, akipanga foleni na kuwapa mkono wafiwa wote mmoja mmoja. Na pale pale kwenye kupeana mkono, mwenye shida yake humnong'oneza: mtoto hana kazi, bibi hajapata kitanda hospitali. Naye hujibu neno lile lile: "Niachie mimi." Mbele ya jeneza, alisema, hakuna anayemnyima mwenzake jambo. Mimi nikacheka, kwa kuwa nilidhani wanasiasa wa kuvamia matanga ni wa kwetu peke yetu.

Mara ya pili alikuja akiwa naibu waziri. Naibu waziri hukaa nyuma. Lakini kabla hajaingia alinipa mkono akasema, "Protus. Nilimwombea Jerioth misa kijijini kwetu." Nawajua wanasiasa, nimewachezea ngoma na nimewapigia kura. Nilijua kabisa kwamba kukumbuka majina ya mama za watu ndiyo kazi yake, kama kukumbuka njia ilivyo kazi yangu. Hata hivyo machozi yalinilenga pale kwenye maegesho, nami nikajikasirikia.

Safari hiyo nilimpeleka Jeddah, nyumbani kwa mzee mmoja tajiri ambaye watu wote walimwita Abu Talal. Familia yake ndiyo inayoagiza nyama kutoka nje na kuishusha Bandari ya Jeddah. Wakubwa wakala ndani. Mimi nikakaa na dereva wa nyumba hiyo, akaniambia mzee amepooza upande mmoja na wanatafuta mwanamke mpole wa kumtunza. Nikampigia dada yangu Metrine, kitindamimba wetu. Ndivyo alivyokuja Saudi, kwa mdomo wangu. Mzee akampenda kama mwanawe. Alimfundisha kucheza karata, na alipokataa dawa ni Metrine peke yake aliyeweza kumnywesha.

Mara ya tatu Scahill alikuja waziri kamili, wa kilimo na masoko ya nje. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo, kabla sijatoka chumbani kwangu katika mtaa wa Batha, pale Riyadh, kwenda kumpokea, Metrine akanipigia. Alikuwa amejifungia chumba cha kufulia na mashine inanguruma.

"Kaka, mzee amefariki."

"Pole, mama. Pole sana. Na wewe je?"

"Mkataba wangu uliisha kitambo. Mzee alisema baada ya Idi nitarudi nyumbani, tiketi juu yake. Alisema mbele ya madam na mbele ya Talal. Sasa Talal anasema mafi safari, hakuna safari. Nitapelekwa kwa dada yake, kule Tabuk."

Nikaketi kitandani. Nyumba ya Tabuk tuliijua. Valary, msichana wa Kitale, alitoka huko akiwa na alama za pasi ya moto mgongoni, na waliomtangulia hatukujua walikoishia, maana mle ndani simu hunyang'anywa siku ya kwanza.

"Lini?"

"Wakimaliza matanga. Siku ya tatu, jioni. Bosi wa kule ametuma gari. Kaka, nikiingia huko hutanisikia tena."

Kafili wake kwenye karatasi alikuwa Talal, mwana mkubwa wa marehemu, na pasipoti yake ilikuwa kwenye kabati la Talal. Akitoroka ataandikiwa huruubu, yaani mtoro, na askari yeyote atamkamata. Nilimwambia asitoroke. Nilimwambia nitafanya jambo. Jambo lenyewe sikulijua.

Uwanja wa ndege niliwakuta wageni wangu wameshapata habari ya msiba. Waziri alikuwa amenenepa shingo na kupungua nywele. Alinipa mkono, akaingia nyuma, na kando yake akaingia msaidizi wake, mwanamke mwembamba aitwaye Orla, mwenye simu mbili na macho yasiyofumba. Kwa maongezi yao nilielewa mambo yalivyokaa. Chama chao kilikuwa kinachagua kiongozi mpya baada ya wiki mbili, na atakayeongoza chama ndiye atakayeongoza serikali. Scahill alikuwa mgombea. Wakulima wa kwao wana ng'ombe tele na soko limebana. Akirudi na sahihi ya familia ya Abu Talal, kiti ni chake. Akirudi mikono mitupu, basi.

"Tuandike barua ya rambirambi," Orla alisema, "tusogeze sahihi mpaka Talal atakapokuwa tayari."

"Barua?" Scahill aliuliza, kama mtu aliyepewa uji baridi. "Mtu amefiwa na baba yake halafu nimwandikie barua? Tunakwenda matangani."

Nikamwona kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikavuta pumzi.

Nilingoja mpaka Orla aliposhuka mbele ya hoteli kwenda kukagua vyumba. Tulibaki wawili. Nikasema yote kwa haraka bila kugeuka, mikono kwenye usukani: dada, mzee, ahadi, Tabuk. Nilitarajia asikitike. Badala yake aliniuliza maswali makavu kama wakili. Mzee alisema lini? Nani alisikia? Talal mwenyewe alikuwepo? Una hakika? Kisha simu yake ikalia, akaitazama, na huku akiitazama akasema, "Niachie mimi."

Sasa hilo neno. Lingeweza kuwa ahadi, na lingeweza kuwa kikohozi. Ameshalisema kwa maelfu ya watu. Niliendesha mpaka Batha nikiligeuza kichwani na sikupata upande wake wa ndani.

Jioni Orla alinipigia nirudi hotelini. Alinipokea nje, kwenye joto, hakutaka tuingie ndani.

"Protus, Fintan ameniambia. Pole kwa dada yako. Nasema kweli," alianza. "Lakini hutamwomba tena. Huyu mtu ana jambo moja la kufanya Jeddah, na nyuma yake kuna familia nyingi ambazo hazikujui wewe wala dada yako. Ukilitaja tena nitaiambia kampuni yako ilete dereva mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, madam."

"Yeye hajui kukataa," aliongeza, na sauti ikamlegea kidogo. "Hiyo ndiyo shida yangu na yeye."

Wageni walipanda ndege kwenda Jeddah. Mimi nikapeleka gari kwa barabara, jangwa lote lile, redio imezimwa. Metrine alinitumia ujumbe mfupi njiani: amefunga mkoba, ameambiwa achukue nguo tu. Nikakanyaga mafuta.

Nilifikia mtaa wa Karantina, Jeddah, kwa Laban, mtu wa kwetu anayepakua makontena bandarini. Chumba chake kinaingiza unyevu wa bahari mpaka godoro linanuka samaki. Alinipikia ugali, akanisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mwanasiasa ni mwanasiasa, ndugu yangu. Huyo ataenda pale, atakunywa kahawa, atapigwa picha, halas, imekwisha. Yaani wewe ulitegemea hiyo?"

"Nitegemee nini basi?"

Laban alimega tonge, akalishikilia hewani. "Leo ni siku ya ngapi tangu mzee azikwe?"

"Kesho ni ya tatu."

"Sasa kwetu siku ya tatu hufanyika nini?"

Kila Mbukusu wa kwetu anajua. Siku ya tatu watu hunyolewa, kisha kabla hawajatawanyika mzee mmoja husimama na kuuliza: ni nani anamdai marehemu, na marehemu alimdai nani? Aseme sasa, au anyamaze milele. Hata aliyeahidiwa kuku husimama na kusema kuku wangu. Familia hulipa, kwa sababu maiti aliyeachwa na deni huwasumbua wenye nyumba.

"Na hawa nao wanayo hiyo," Laban alisema. "Hujawahi kuwasikia? Mtu wao akifa deni ndilo linatangulia, kabla ya urithi. Wanaogopa sana deni la maiti."

Kweli nilikuwa nimesikia. Baba wa kafili wangu alipokufa Riyadh, imamu aliuliza mbele ya jeneza nani anamdai, na mchuuzi wa mkaa akajitokeza akalipwa pale pale. Na ahadi ni deni. Hilo tulifundishwa tukiwa hatujaota meno. Lakini kulijua jambo si kulisema. Dereva Mkristo, mwenye ikama, kibali cha kuishi, iliyo mkononi mwa mtu, ataanzia wapi kusimama mbele ya matajiri wa Jeddah kudai ahadi ya marehemu? Nililala vibaya.

Siku ya tatu, alasiri, niliwachukua hotelini. Orla alikuwa amevaa abaya nyeusi, na kando yake alikuwa mkalimani wa ujumbe, mama mmoja wa Kisudani. Waziri alikuwa na tai nyeusi, nami nilikuwa nimemfundisha kwa simu maneno ya Kiarabu ya kutoa pole, anayarudiarudia midomoni kama mtoto wa katekisimu.

"Mkono, kahawa, nje," Orla alimwambia. "Hakuna biashara, hakuna hotuba."

"Orla, nimezika watu tangu nikiwa na miaka tisa."

Kisha waziri, kutoka nyuma, akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Protus, kwenu matanga huendaje?"

Nilimtazama Orla kwenye kioo. Naye alinitazama. Kuulizwa si kuomba, nikajiambia, na nikaeleza: maziko, kunyoa, siku ya tatu, swali la mzee, deni la kuku. Nilieleza na ya mchuuzi wa mkaa. Jina la Metrine sikulitia. Orla aligeuka dirishani, na mimi nikajua kazi yangu inaning'inia kwenye uzi.

Nyumbani kwa Abu Talal magari yalijaa barabara nzima. Kwenye lango tuligundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, Orla mwenye simu mbili akiwemo: wanawake mlango wao, wanaume mlango wao. Mkalimani alikuwa mwanamke. Orla alisimama pale akibadilika rangi.

"Protus atanitafsiria," Scahill alisema.

"Fintan," Orla alimwita, polepole.

"Au unataka nitumie ishara?"

Tukaingia. Ukumbi ulikuwa mrefu, viti vimezunguka kuta zote, wanaume wameketi na nguo nyeupe, sauti za chini tu. Wafiwa walikuwa wamesimama kwa mstari karibu na mlango. Nilipokuwa napita dirisha la upande nikaona ua wa nyuma: gari jeupe mlango wazi, na kwenye ngazi ya jikoni mkoba wa Metrine, ule wa bluu niliomnunulia Batha.

Waziri alianza mstari. Ninasema kweli, nimeona watu wakitoa pole, lakini huyu alikuwa fundi. Alimshika kila mmoja mkono kwa mikono yake miwili, akamtazama machoni, akasema maneno yake ya Kiarabu kilichopinda, na hakumharakisha mtu hata mmoja. Mwisho wa mstari aliketi mdogo wake marehemu, mzee Saleh, mwenye fimbo na uso wa mtu aliyeudhiwa tangu ujana. Kabla yake alisimama Talal.

Talal hakumwachia mkono. "Mwambie," aliniagiza kwa Kiarabu, "amekuja kutoka mbali kumlilia baba yangu. Hatutasahau. Kesho tutatia sahihi, inshallah."

Nikatafsiri. Uso wa waziri ulifunguka kabisa. Kila alichokijia amekipata, na kahawa bado hata hajanywa.

Tukaketi. Kikombe kidogo, kahawa chungu, tende. Nilikaa ukingoni mwa kiti nikimsubiri. Alikunywa. Akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, kama nilivyomfundisha. Mtu akaja akasoma Kurani, akamaliza. Watu walianza kuaga. Nje nikasikia injini ya gari ikiwashwa, na bado waziri anatazama zulia. Nilimchukia wakati ule. Nilitamani nimshike ile tai nyeusi. Kura zake, ng'ombe wake, misa yake ya Jerioth, vyote nilivichukia.

Akasimama. Nikasimama. Tukarudi kwenye mstari kuaga, na alipofika kwa Talal alimpa mkono tena, kisha hakuondoka. Aligeuka kidogo, akawa anamtazama Talal na mzee Saleh pamoja.

"Tafsiri," aliniambia. "Kijijini kwetu mimi ni mtoto wa muuza majeneza. Baba yangu alinifundisha kuwa mtu mwema azikwe mwepesi."

Nikatafsiri. Waliitikia kwa vichwa.

"Huyu dereva wangu ameniambia kwamba kwao, siku ya tatu, huulizwa kama yupo anayemdai marehemu. Akaniambia hata kwenu ni hivyo."

Nikatafsiri na hilo. Waliokaa karibu waliweka vikombe chini.

Nikamnong'oneza kwa Kiingereza, "Mheshimiwa, sahihi yako."

"Tafsiri, Protus." Hakunitazama. "Sema mimi ndiye ninayeuliza. Je, imeshaulizwa?"

Nikauliza. Talal alitabasamu kwa midomo. "Baba hakuwa na deni la mtu. Mwambie asiwe na wasiwasi."

"Ngoja," mzee Saleh alisema, akigonga fimbo sakafuni. Sauti yake haikuwa ya chini. "Swali ni la haki. Hapa hatukuuliza. Yupo anayemdai ndugu yangu?"

Baadaye niliambiwa kwamba yeye na Talal wana kesi ya kiwanja, na kwamba angefurahi kumwona mpwa wake akidaiwa hata kijiko. Mungu hutumia alichonacho. Nyuso zote zilitugeukia juu ya kanzu nyeupe, na waziri akaniangalia. Zamu ilikuwa yangu.

"Yupo," nilisema kwa Kiarabu changu cha barabarani. "Ni Metrine, aliyekuwa akimwogesha na kumlisha. Ni dada yangu. Mzee alimwahidi kurudi kwao baada ya Idi. Idi imepita. Ahadi ni deni, na leo gari linampeleka Tabuk."

Mzee Saleh aligeuza shingo. "Talal. Ndugu yangu alisema hivyo?"

Talal alikuwa akinitazama mimi. Yale macho sijayasahau. Angeweza kukana, ilikuwa neno lake na la mtumishi. Lakini baba yake alikuwa na siku tatu tu kaburini, na mbele yake walikaa wanaume wote watakaonunua na kuuza naye maisha yake yaliyobaki.

"Alisema," akajibu.

"Basi unangoja nini? Unataka alale nalo huko?"

Siku hizi ruhusa ya kutoka nchini hutolewa kwa simu tu, kafili anabonyeza, imekwisha. Talal alitoa simu yake pale pale. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Akamtuma mtu kabatini. Pasipoti ikaja, akamkabidhi mzee Saleh, si mimi, na mzee Saleh akanipa. Nje injini ya lile gari jeupe ilizimwa.

Talal akamgeukia waziri akampa mkono kwa adabu zote. "Kesho," alisema, "inshallah."

Metrine alitoka mlango wa jikoni akiwa na mkoba wake wa bluu, akaingia kiti cha nyuma katikati ya Orla na mama mkalimani, akalia njia nzima bila sauti. Orla alimshika mkono. Alikuwa amesikia habari upande wa wanawake kabla sisi hatujatoka, kwa sababu mambo kama hayo hayangoji mlango. Kwa kuwa nyuma kulijaa, waziri alikuwa amekaa mbele.

"Atatia sahihi," alisema, akifunga mkanda. "Hakuna anayekasirikia jambo lililoombwa matangani."

Orla alifumba macho.

Kesho yake Metrine aliruka kwenda Nairobi. Kesho hiyo hiyo Talal hakupokea simu, wala siku iliyofuata. Ikaja barua fupi ya kwamba wakati haufai. Kampuni yangu ililetewa malalamiko, na mimi nikahamishiwa kubeba wahandisi kwenye mabasi madogo mwaka mzima. Waziri aliondoka bila sahihi. Nilifuatilia kwenye simu: wakulima walimzomea, chama kikachagua mwingine, akaondolewa uwaziri, na uchaguzi ulipofika akapoteza hata kile kiti cha ubunge alichokijenga kwa miaka yote ya kupeana mikono. Ilikuwa kazi ya maisha yake, na ilivunjika kwa swali moja.

Alirudi Riyadh mwaka huu. Kampuni moja ya chakula cha mifugo ilimwajiri atambulishe bidhaa zake, na mimi nilikuwa nimerudishwa kwenye magari madogo. Alitoka mlangoni akivuta sanduku lake mwenyewe, bila Orla. Hakusita. Alifungua mlango wa mbele akaketi.

"Metrine hajambo?"

"Hajambo, Mheshimiwa. Amefungua kibanda cha mboga Webuye. Lakini moyo wake uko kwa wazee, anamtunza kila kikongwe wa jirani."

Tulikwenda. Mikono yake ilikuwa mapajani, haina simu ya kushika.

"Watu wa kwetu husema nilijitoa mhanga," alisema baadaye. "Wachache wanaonipenda. Wewe usiwaige, Protus. Mimi nilidhani nitapata vyote viwili. Kwetu ungepata."

"Na kama ungejua?"

Alitazama nje, kwenye maghorofa na kreni za ujenzi. "Usiniulize hilo," alisema.

Sikumwuliza tena. Lakini niliona mabega yamemwanguka, na sikuweza kuvumilia. Mtu huyu aliishi kwa kuombwa. Sasa hakuna aliyemwomba kitu. Nikazua.

"Mheshimiwa, nina shida ndogo. Kuna msichana jirani yetu, Zipporah. Anajua sana kulea wazee. Anatafuta nafasi huko kwenu, na hatujui mtu."

Alinyooka kitini. Akapapasa koti, akapata kalamu. "Zipporah. Mama yake anaitwa nani?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. "Jerioth," nilisema, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na ulimi.

Kalamu ilisimama kidogo. Kisha akaandika, polepole, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. "Niachie mimi," alisema.

Nilidhani yameishia hapo, nimemfanyia mtu mzima heshima yake. Wiki iliyopita, nikiwa kwenye foleni ya kutuma pesa Batha, simu ikaita kwa ujumbe wa Mheshimiwa kutoka Ireland. Kuna nyumba ya kulea wazee karibu na kwao. Mwenye nyumba alimzika baba yake zamani, na Scahill alibeba jeneza. Wana nafasi moja, na watamsomesha uuguzi atakayeichukua. Wanataka vyeti kabla ya mwezi kwisha.

Zipporah hakutajwa popote. Mstari wa mwisho ulisema: "Mwambie binti wa Jerioth asichelewe. Na safari hii apande ndege akicheka."

Nikatoka kwenye foleni nikampigia Metrine.